Bakora, Kipande cha Nyama na Mtoto wa Mbwa



Katika mambo yaliyotushangaza tulipofika huku Uingereza, baridi haikuwa ya kwanza. Baridi tulikuwa tumeshaambiwa. Lililotushangaza ni kumwona bibi mtu mzima, kavaa koti lake zuri, kasimama njiani anazungumza na mbwa. Anamwambia akae, na mbwa anakaa. Kwetu sisi mbwa haambiwi akae, anaambiwa atoke. Mageti ya Nairobi yameandikwa "Mbwa Kali" (walimu wa sarufi wamesema mpaka wamechoka kwamba ni mkali, mafundi wa rangi hawasikii), na huyo mbwa kali mwenyewe hakuna aliyemfunza kitu. Mchana alifungwa, usiku akafunguliwa, ukali akaupata mwenyewe kwa upweke.

Sasa mambo yamegeuka. Watoto wetu waliozaliwa huku wanataka mbwa. Nyumba nyingine zimekataa kwa sababu za dini, nyingine zimekataa kwa sababu ya zulia, na nyingine zimekubali, na sisi katika mjadala huo hatumo, kila mtu na amuulize shehe wake au mkewe. Lakini tumeona jambo ambalo si zuri. Mtoto wa mbwa ananunuliwa Desemba kwa furaha na picha, na kufika kiangazi anatafutiwa pa kupelekwa kwa kuwa anauma, anakojoa ngazini, haitiki akiitwa. Na ukiuliza alifunzwaje, jibu ni kwamba alipigwa, hakusikia. Basi tumeona si vibaya tukatazama nyuma kidogo, tuone walimwengu walivyohangaika na suala hili la kumfunza mtoto wa mbwa adabu. Ni historia yenye ugomvi mwingi, na ugomvi wenyewe sehemu kubwa ni wa bakora.

Tuanze mbali. Mgiriki Xenophon, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kitabu cha uwindaji na ndani yake akatoa nasaha za watoto wa mbwa. Alisema wapewe majina mafupi ili iwe rahisi kuwaita, kisha akaorodhesha majina 47 ya kuchagua. Alisema jike apelekwe mawindoni akiwa na miezi 8, na dume miezi 10. Tena akasema walishwe pale penye nyavu wakati nyavu zinakusanywa, ili mbwa mchanga akipotea akijua chakula kipo wapi atarudi mwenyewe. Angalieni hapo. Hakusema achapwe akichelewa. Baada yake Mrumi Columella, mwenyeji wa Hispania aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya kwanza, naye akasema jina la mbwa lisiwe refu lakini lisipungue silabi mbili. Tutarudi kwenye silabi hizo, maana lugha yetu imebarikiwa nazo.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wagiriki na Warumi, sisi yametuhusu nini. Yametuhusu. Waliokaa darsani pwani au Unguja wakasoma fiqhi ya madhehebu ya Shafii, wakafika mlango wa mawindo katika kitabu kidogo cha Abu Shujaa, wamesoma masharti manne ya mnyama wa kuwindia aliyefunzwa. Akitumwa aende, akikatazwa aache, akiua windo asile, na yote hayo ayafanye mara kwa mara mpaka ijulikane kuwa si bahati. Wengi wetu tulipita hapo haraka kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mbwa wa kuwindia. Lakini ukiyatazama masharti hayo leo, ndiyo mtihani wenyewe unaofanywa katika viwanja vya huku kila Jumamosi: nenda, acha, usile, rudia. Asili yake imo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, iliyotaja wanyama wa mawindo waliofundishwa na binadamu. Nyama iliyokamatwa na mbwa aliyesomeshwa ina hukumu nyingine na ile ya mbwa aliyejiendea. Kwa maneno mengine elimu imempandisha mbwa daraja mbele ya mafakihi, jambo ambalo hata baadhi ya binadamu wamelikosa.

Wala Waarabu hawakumdharau mbwa wote kwa pamoja kama tunavyodhani sisi. Saluki, mbwa wa mbio wa Ghuba na Bara Arabu, alilala hemani. Na huko Baghdad, Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima ambacho jina lake lenyewe linadai kwamba mbwa ni bora kuliko wengi katika wale wanaovaa nguo. Tunawaachia wasomaji wafikirie alikuwa kaudhiwa na nani.

Tuje kwenye zama za karibu. Mafunzo ya mbwa ya namna ya kijeshi, yenye maneno ya amri na mnyororo shingoni, yamepata sura yake huko Ujerumani. Konrad Most alikuwa kamishna wa polisi Saarbrücken alipoanza kufunza mbwa wa polisi mwaka 1906, na mwaka 1910 akatoa kitabu kilichokuwa msahafu wa wafunzaji wa mbwa kwa muda mrefu, kikatafsiriwa Kiingereza mwaka 1954. Most alitumia fimbo, na alitumia ukanda wa shingoni wenye miiba ya ndani. Lakini tusimdhulumu. Alielewa jambo ambalo wengi waliomfuata hawakulielewa, kwamba mbwa hajui mema wala mabaya. Anachokijua ni lililotokea mara tu baada ya tendo. Ukimsifu au ukimwadhibu dakika mbili baadaye, umesifu au umeadhibu kitu kingine kabisa. Mtu arudi kutoka kazini akute kiatu kimetafunwa, amchape mbwa aliyekuja mlangoni kumpokea. Amemfunza nini? Amemfunza kwamba kuja mlangoni kumpokea bwana ni hatari. Hilo Most alilijua zaidi ya miaka 100 iliyopita, na katika majumba yetu bado halijafika.

Wakati huohuo hapa Uingereza alikuwapo Luteni Kanali Edwin Richardson, aliyeanzisha shule ya mbwa wa vita huko Shoeburyness, pwani ya Essex, mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Kazi ya mbwa wake ilikuwa kupeleka barua kutoka mstari wa mbele, pale simu zilipokatika na matarishi wakiuawa. Mbwa wengine walitoka kwenye nyumba ya mbwa waliopotea ya Battersea, yaani mbwa koko wa London. Richardson aliona kwamba mbwa wa kupeleka barua hawezi kufunzwa kwa woga. Mbwa huyo akishafunguliwa yuko peke yake, risasi zinapita, hakuna mtu wa kumshurutisha. Atakwenda kwa sababu moja tu, kwamba mwisho wa njia yupo anayempenda na chakula kipo. Kwa hiyo Kanali aliwachagua walezi wa mbwa kwa upole wao, na mbwa wakazoeshwa vishindo vya mizinga kidogo kidogo, na wakati wa kula. Hapo mtaona mgawanyiko. Palipo na bwana wa kushika kamba, bakora inaonekana inafanya kazi. Palipokosekana kamba, bakora haina msaada.

Mgawanyiko huo haukwisha vita vilipokwisha. Jeshi ndilo lililotoa walimu, na walimu wakatoa lugha yao: amri, utii, nidhamu. Kule Marekani aliyeifanya nidhamu hiyo kuwa mchezo wa raia ni mwanamke, Helene Whitehouse Walker. Alikuwa na mbwa wa aina ya poodle, wale wenye manyoya yanayonyolewa kwa madoido, na watu wakimcheka kwamba mbwa wake ni mapambo. Akaona awaonyeshe. Oktoba 1933 akaandaa mtihani wa kwanza wa utii huko Mount Kisco, jimbo la New York, wakaingia mbwa wanane. Mwaka 1937 yeye na msaidizi wake Blanche Saunders wakafunga nyumba ya magurudumu nyuma ya gari, wakapakia mbwa watatu, wakazunguka Marekani maili 10,000 wakionyesha watu jinsi mbwa anavyofunzwa. Wanawake wawili, barabara za wakati ule, bila ya mwanamume wa kubadilisha gurudumu. Tunaona hilo peke yake lastahili makala.

Wasomaji waliokuwako Uingereza miaka ya 1980 watamkumbuka mwingine, Barbara Woodhouse. BBC ilimpa kipindi mwaka 1980, naye akiwa na umri wa karibu miaka 70, na sauti yake nyembamba ya kuwaita mbwa matembezini ikawa inaigizwa na watoto mashuleni. Alishikilia kwamba hakuna mbwa mbaya, ila wenye mbwa ndio wasiojua. Maneno mazuri, lakini kifaa chake kilikuwa mnyororo wa kukaba, unaokazwa kwa mshtuko na kuachiwa hapohapo. Na mnyororo huo ndio uliosababisha jambo ambalo gharama yake ilikuwa kubwa kuliko maumivu ya shingo: mbwa mchanga hakufunzwa. Shule nyingi za mbwa, huku na Marekani, zilikuwa hazimpokei mpaka atimize miezi 6 au zaidi, maana shingo changa isingestahimili mkukuto ule. Mpaka siku ya kuanza masomo mbwa keshakuwa baleghe, keshajifunza yote asiyotakiwa kuyajua, ndipo anapelekwa akakukutwe.

Wakati wafunzaji wakishika minyororo, maabara zilikuwa zinakwenda njia yake. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa umeng'enyaji wa chakula, anajulikana zaidi kwa mbwa wake waliotokwa na mate kabla ya chakula kufika, kwa kusikia tu ishara iliyozoea kukitangulia. Mmarekani Edward Thorndike mwaka 1898 alieleza majaribio ya kuwafungia paka, na mbwa pia, katika visanduku vyenye komeo, akaona kwamba tendo linaloleta faraja hurudiwa na lisiloleta hufifia. Kisha akaja B. F. Skinner, aliyechapisha kitabu chake cha tabia za viumbe mwaka 1938, na mwaka 1951 akaandika katika jarida la Scientific American makala ya watu wa kawaida kuhusu kufundisha wanyama. Alisema: chukueni kile kidude cha bati cha kuchezea watoto kinacholia "tak", mzoesheni mbwa kwamba kila kikilia anapata kipande cha chakula, kisha kilizeni katika ule uleule mpepeso wa jicho anapofanya mnalolitaka. Mlio unafika mara moja, chakula kitafuata. Hiyo ilikuwa ndiyo dawa ya tatizo la Konrad Most la wakati, tena bila fimbo.

Watu wakaisoma makala, wakaifunika. Wanafunzi wawili wa Skinner, Keller na Marian Breland, mke na mume, walikuwa wameshaanza biashara ya kufunza wanyama kwa njia hiyo tangu miaka ya 1940, kuku wakicheza ngoma na sungura wakiweka pesa benki, lakini wenye mbwa hawakushawishika. Kwani mtu wa mbwa atajifunza kwa kuku? (Hao Breland mwaka 1961 waliandika pia habari ya rakuni waliyemfunza atumbukize sarafu kwenye kisanduku, naye badala yake akawa anazisugua mikononi kama bahili, kwa kuwa tabia ya asili ilimshinda mwalimu. Ni vyema kulikumbuka hilo mtu anapomlaumu mbwa wa kuchunga kwamba anawakimbilia watoto.) Ilibidi tupite kwa pomboo. Pomboo humvishi mnyororo, ukimuudhi anaogelea anakwenda zake. Karen Pryor, aliyekuwa akifunza pomboo Hawaii miaka ya 1960 kwa filimbi na samaki, ndiye aliyeandika kitabu mwaka 1984 kilichowafikishia wenye mbwa habari hiyo, na miaka ya 1990 kile kidude cha bati kikaingia madukani.

Lakini kwetu sisi sehemu iliyo nzito zaidi ya historia hii ni ya umri, na ndani yake imo Afrika.

Katika mji mdogo wa Bar Harbor, jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller walifuga mbwa wa aina tano kwa miaka mingi wakitazama wanavyokua, wakatoa kitabu chao mwaka 1965. Moja ya aina hizo tano ni basenji, yule mbwa wa Kongo asiyebweka. Jina hilo Mswahili hahitaji kufasiriwa. Ni lilelile neno la washenzi, mbwa wa washenzi, tusi letu la zamani kwa watu wa bara, ambalo Wazungu walilichukua bila kujua uchungu wake, wakampa mbwa wa vijijini, na mwaka 1937 wakamwonyesha London kwenye maonyesho ya Crufts watu wakasongamana kumtazama. Leo mshenzi huyo anauzwa kwa bei ambayo mwungwana haiwezi.

Scott na Fuller waliona kwamba watoto wa basenji wakiwa na wiki 5 walikuwa waoga na wakali wa mkono wa mtu kuliko wenzao, na walipovishwa kamba walipigana nayo. Beagle hakupigana, alilia. Lakini basenji haohao waliposhikwashikwa na kuzoeshwa wakalainika upesi. Kubwa waliloligundua, wao na wenzao, ni kwamba upo mlango. Unafunguka mtoto wa mbwa akiwa na wiki kama 3, na unafungwa anapokaribia wiki 12 mpaka 14. Aliyoyaona na kuyazoea ndani ya muda huo, watu, watoto, mwanamke wa buibui, mzee wa mkongojo, kelele ya mashine ya kufulia, atayachukulia kuwa ndiyo dunia. Asiyoyaona atayaogopa, na mbwa anayeogopa ndiye anayeuma. Jaribio la mwaka 1961 lililofanywa hapohapo Maine lilikuwa la kusikitisha. Watoto wa mbwa walilelewa ndani ya ua mrefu bila kuguswa na mtu. Wengine walitolewa wiki moja wakacheza na watu kisha wakarudishwa, na waliofaidika zaidi ni waliotolewa wakiwa na umri wa wiki 7 hivi. Wale ambao hawakutolewa mpaka wiki 14 wakabaki kama wanyama wa mwituni, na mapenzi ya baadaye hayakuwarudisha.

Sasa pigeni hesabu. Huku mtoto wa mbwa haruhusiwi kuuzwa na mfugaji mwenye leseni kabla ya wiki 8. Anapofika nyumbani kwenu basi, mlango umebakisha wiki nne, au sita kwa wema. Na wiki hizohizo ndizo ambazo watu humfungia jikoni wakisubiri chanjo zikamilike, au wakisubiri akue ndipo wamfunze. Mbwa Kali wa Nairobi alitengenezwa hivyohivyo.

Waliolielewa hili mapema ni watu wa mbwa wa wasioona. Hapa Uingereza mbwa wanne wa kwanza wa kuongoza vipofu walifunzwa Wallasey mwaka 1931, na ilipofika miaka ya 1950 chama chao kikaanza kuwapeleka watoto wa mbwa kulelewa katika nyumba za watu, wapande basi, wasikie treni, waone soko, kabla ya kufunzwa kazi. Kule California, Clarence Pfaffenberger alieleza kwamba miaka ya 1940 shule yake ilikuwa ikifaulisha mbwa 9 tu katika kila 100, na baada ya kuchagua na kulea watoto kwa elimu hii wakafika 90. Mtoto aliyefaulu mitihani yote ya wiki 12, kisha akaachwa bandani wiki chache zaidi bila nyumba, mara nyingi aliharibika. Na kwa kuwa tumewataja vipofu, tukumbushe kwamba mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimruhusu kijana Mwislamu asiyeona kuja na mbwa wake wa kumwongoza, akatengewa mbwa mahali pa kupumzikia karibu na mlango wakati mwenyewe akisali. Palikuwa na mazungumzo marefu kwanza, kama ilivyo desturi ya kamati zetu, lakini mlango ulipatikana.

Aliyeunganisha kamba zote hizi ni daktari wa mifugo Mwingereza, Ian Dunbar, aliyehamia Berkeley, California. Alikuwa na mtoto wa mbwa aina ya malamute, akatafuta shule, akaambiwa amsubirishe mpaka akue. Yeye alikuwa ametafiti tabia za mbwa chuoni kwa miaka, akajua kusubiri ndiyo kuharibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akafungua darasa la watoto wa mbwa, bila kamba, wakicheza wao kwa wao na watu wakiwapokezana. Namna yake ya kufunza kukaa ni nyepesi hata inaudhi. Shika kipande cha chakula mbele ya pua, kipandishe polepole juu ya kichwa kuelekea nyuma. Pua inafuata juu, makalio yanashuka yenyewe. Yaliposhuka, toa chakula. Baada ya mara kadhaa neno "kaa" linatangulia mkono, kisha mkono unabaki mtupu, na chakula kinakuja mara moja moja. Hapana aliyesukumwa wala aliyekabwa. Na kwa kucheza na wenzake kabla meno ya utoto hayajang'oka, mbwa anajifunza kupima nguvu ya mdomo: akimbana mwenzake sana, mchezo unakatika.

Ni katika miaka hiyohiyo bakora iliondoka katika shule za serikali za Uingereza. Sheria ilipitishwa mwaka 1986 ikaanza kutumika 1987. Kenya ikaipiga marufuku mashuleni mwaka 2001. Sisi tuliosoma alifu na bee mbele ya mwalimu mwenye mkwaju tunajua hoja za pande zote mbili kwa mgongo, na hatusemi mtoto wa Adamu na mtoto wa mbwa ni sawa. Tunasema tu kwamba waliokuwa wakiitetea bakora katika nyumba zote mbili walitumia maneno yaleyale, ya kwamba bila woga hapana heshima.

Neno hilo la heshima ndilo lililozaa ugomvi wa mwisho. Rudolf Schenkel mwaka 1947 aliandika habari za mbwa mwitu wa bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, waliokusanywa pamoja kizuizini, akaona wanavyogombea ukubwa. Kutoka hapo ikaenea fikra kwamba mbwa wako anataka kukupindua, kwa hiyo ule wewe kwanza, upite mlangoni wewe kwanza, na akikaidi umlaze chali umkandamize mpaka asalimu amri. David Mech, mtafiti wa Marekani ambaye kitabu chake cha 1970 kiliisambaza fikra hiyo, ndiye mwenyewe aliyeandika mwaka 1999 kwamba porini kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na ukubwa wao ni ule wa wazazi. Hakuna mapinduzi. Pamoja na hayo mwaka 2004 televisheni ya Marekani ilikirudisha kiti cha ukubwa kwa kishindo kupitia kipindi cha Cesar Millan, na wengi wa watu wetu waliofuga mbwa huku elimu yao yote ilitoka hapo. Mwaka huohuo wa 2004 ukatoka utafiti wa hapa Uingereza kwa wenye mbwa 364, ambao haukupata televisheni. Mbwa waliofunzwa kwa zawadi ndio walioelezwa na wenyewe kuwa wasikivu zaidi, na kadiri adhabu ilivyozidi ndivyo matatizo ya tabia yalivyozidi. Mwaka 2010 Wales ikapiga marufuku ukanda wa shingoni wa kumrusha mbwa kwa umeme.

Sasa kwa wale ambao mtoto wa mbwa yumo njiani anakuja. Tangu 2020 sheria ya England inawakataza madalali kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi 6, kwa hiyo nunueni kwa mfugaji mwenyewe, mkamwone mtoto pamoja na mama yake. Mkionyeshwa mtoto kwenye buti la gari, rudini nyumbani. Chanjo ni lazima, lakini kuisubiri hakumaanishi kifungo. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani kilisema mtoto anaweza kuanza darasa akiwa na wiki 7 au 8, siku saba baada ya chanjo ya kwanza. Kabla ya hapo mbebeni mikononi mumpeleke kituo cha basi akatazame watu. Mtoeni nje kila akiamka, kila akila, kila akimaliza kucheza, na akijisaidia nje apewe kitu hapohapo, siyo mkisharudi ndani. Akikojoa zuliani, pangusa unyamaze. Kumsugua pua kwenye mkojo ni somo la kujificha, na wengi wamelisomesha kwa ufasaha, mbwa akaanza kujisaidia nyuma ya kochi.

Na msimwite kwa ajili ya baya. Neno "njoo" likimaanisha leo chakula, kesho kipigo na keshokutwa kuogeshwa, mbwa mwenye akili atalisikiliza kutoka mbali.

La mwisho ni lugha, kwa kuwa tumeulizwa. Mbwa hajui Kiingereza zaidi ya Kiswahili. Anasikia sauti. Ubaya ni pale nyumba moja inapokuwa na "kaa" ya bibi, "sit" ya watoto na "keti bwana" ya baba, mtoto wa mbwa akawa anafanyiwa mtihani wa tafsiri. Kaeni kikao, chagueni neno moja kwa kila jambo, liandikwe juu ya friji. Kaa, lala, njoo, acha, toa, ngoja. Yule Columella aliyetaka silabi mbili angefurahi, hapana hata moja iliyopungua. Tumesikia wenye mbwa katika viwanja vya huku wakisema wanapenda kutumia maneno ya kigeni, kwa sababu hakuna mpita njia atakayemwamrisha mbwa wao. Watoto wetu wanayo lugha hiyo tayari nyumbani, na wengine wao, waliokuwa wakimjibu bibi kwa Kiingereza, sasa wanasikika bustanini jioni wakisema "ngoja... ngoja... haya, njoo!" kwa matamshi safi kabisa.